Je, Kuwa na Kiasi Kuhusu Akili Unde ni Uvuguvugu?

Swali: "Daktari, hujambo? Mimi ni mwalimu wa shule ya upili ya kutwa hapa Kisumu, tena katibu wa kamati ya walimu na wazazi. Tangu muhula uliopita kundi letu la WhatsApp limegawanyika kwa sababu ya hii AI. Wengine wanataka ipigwe marufuku kabisa, kwa walimu na kwa wanafunzi, maana itatunyang'anya kazi na kuwalemaza watoto akili. Wengine wanasema tuchange pesa tumlipie kila mwalimu hizo programu, la sivyo tutaachwa nyuma. Niliposema tupime kwanza, mzazi mmoja ambaye ni mchungaji alinijibu kwa Biblia kwamba walio vuguvugu hutapikwa. Mwingine wa upande wa pili akaniita mwoga. Nauliza: kuwa na kiasi katika jambo hili ni busara, au kweli ni woga?"

Jibu: Mwalimu, sijambo, na pole kwa ukatibu. Kundi la WhatsApp la wazazi halina saa ya kufunga.

Aliyekuita mwoga ana hoja kidogo, na afadhali uisikie kwangu kuliko kwake. Ukisema "tupime kwanza" na ukaishia hapo, hujasema unapima nini, kwa kipimo gani, wala utaamua lini. Wenzako wamekuja na mapendekezo, mmoja marufuku, mwingine mchango. Wewe umekuja na adabu. Kikaoni mwenye pendekezo humshinda mwenye adabu kila mara. Kiasi ninachokitetea mimi ni kigumu zaidi. Ni kukataa kulijibu swali jinsi lilivyoulizwa, "AI ni nzuri au mbaya?", mpaka kwanza livunjwe vipande vinavyoweza kujibiwa. Mgonjwa akiingia zahanati akasema "naumwa", hapewi dawa ya kuumwa. Anaulizwa wapi, tangu lini, na ni nini kinachozidisha. Ukilivunja swali hivyo utajikuta unaiogopa akili unde katika jambo moja, unaikaribisha katika la pili, na huna shughuli nayo katika la tatu, yote siku moja na bila unafiki wowote.

Halafu tuiondoe dhana kwamba kuna kambi mbili na wewe umesimama katikati yake. Kambi hazihesabiki hivyo hata kwa mabingwa wenyewe. Tuzo ya Turing ya 2018, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna heshima inayoipita, ilikwenda kwa watu watatu kwa kazi yao juu ya mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa kuiga ubongo kwa mbali: Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun. Mei 2023 Hinton aliondoka Google ili aweze kuisema hofu yake bila kuibebesha kampuni. Mwezi huohuo yeye na Bengio wakatia saini tamko la sentensi moja, lililotaka hatari ya akili unde kuwaangamiza wanadamu ichukuliwe kwa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. LeCun hakutia saini, na hadi leo husema hofu hiyo imetiwa chumvi mno. Kumbuka hawa wamesoma makala zilezile na kushiriki tuzo ileile. Kichekesho ni kwamba miongoni mwa waliosaini wamo Sam Altman wa OpenAI na Demis Hassabis wa Google DeepMind, yaani wale wanaozitengeneza mashine zenyewe.

Tena kuna upande wa tatu ambao kundi lenu halijautaja kabisa. Timnit Gebru, mtafiti aliyezaliwa Addis Ababa, pamoja na wenzake, walijibu barua ya Machi 2023 iliyotaka mafunzo ya mifumo mikubwa yasimamishwe kwa miezi sita. Hoja yao ilikuwa kwamba kuwaza maangamizi ya siku zijazo kunafunika madhara yaliyopo leo: wafanyakazi wanaolipwa kiduchu, data inayochotwa bila ruhusa, madaraka kurundikana kwa kampuni chache. Gebru na LeCun wote hawashabikii hofu ya maangamizi, lakini ukiwaweka chumba kimoja usitarajie wakubaliane. Sasa katikati ya Hinton, Bengio, LeCun na Gebru iko wapi? Haipo. Kwa hiyo anayekulaumu kwa kusimama katikati anakulaumu kwa kusimama mahali pasipokuwepo.

Historia nayo inatufundisha kumtilia shaka kila asemaye kwa uhakika mkubwa, awe mshangiliaji au mbezaji. Mwaka 1958, jeshi la majini la Marekani lilipoonyesha mashine ya mwanzo ya akili unde ya Frank Rosenblatt, iitwayo perceptron, gazeti la New York Times liliripoti matumaini kwamba siku moja itatembea, itazungumza, itaona, itaandika na hata kujitambua. Kufikia 1973 ripoti ya James Lighthill huko Uingereza ilikuwa ikisema ahadi za uwanja huo hazijatimia, na fedha za utafiti zikakauka. Mwaka 2016 Hinton mwenyewe alisema tuache kuwafundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, pengine kumi, kompyuta zingewapita. Hadi leo madaktari hao wanatafutwa kwa udi na uvumba. Lakini wabezaji nao wameumbuka. Machi mwaka huohuo wa 2016, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini mara nne kwa moja katika mchezo wa kete wa Go, jambo ambalo wajuzi wengi walidhani bado lina miaka kumi mbele. Na mwaka 2024 nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Hassabis na John Jumper kwa programu inayokisia umbo la protini.

Kuhusu kazi, ambayo ndiyo hofu ya walimu wenzako, ushahidi hauelekei upande mmoja. Mwanauchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walichunguza zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja, wakakuta kwamba waliosaidiwa na akili unde walitatua masuala zaidi kwa takriban asilimia 14 kila saa, na waliofaidi zaidi ni wageni wa kazi. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR likawapima waandishi 16 wa programu wenye uzoefu, katika miradi wanayoijua vizuri. Wakiwa na akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini imewaharakisha. Mtu anayetaka ushindi atachukua utafiti mmoja aurushe kundini na kuufukia wa pili. Ukisoma zote mbili unapata kitu kinachofaa shule: mgeni wa kazi anayefanya jambo la kila siku husaidika, na mjuzi wa jambo lake anaweza kucheleweshwa bila kujua. Kumbe mwalimu akisema "inanisaidia sana" hajathibitisha lolote. Mwombe atazame saa.

Mbona basi mjadala unapasuka hivyo, ikiwa mambo yenyewe yamechanganyika? Sababu moja ni njia tunazozungumzia. Utafiti uliochapishwa 2017, uliopitia ujumbe zaidi ya nusu milioni wa Twitter, ulionyesha kwamba kila neno la hisia na hukumu ya kimaadili liliongeza usambaaji wa ujumbe kwa takriban asilimia 20. "Aibu", "uovu", "wasaliti": haya husafiri. "Inategemea" haisafiri. Sababu nyingine ni pesa, na hapa watu wa Nakuru tunaiona kwa karibu, maana Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo cha data kwa umeme wa jotoardhi wa Olkaria, mradi wa dola bilioni 1. Penye dola bilioni, mtu wa kukuambia kwamba treni inaondoka na wewe hujapanda hakosekani. Hofu nayo huuza, kwa sababu anayesema mashine yake inaweza kuiangusha dunia anakuambia pia kwamba mashine yake ina nguvu sana.

Sasa tuje shuleni kwako, maana huko ndiko utakakoamua kitu.

Chukua insha. Wanaotaka marufuku watakuletea programu za kutambua maandishi ya akili unde, na hapa ningekuomba uuweke upole kando. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo zilisingiziwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu yake haina uchawi wowote. Programu hizo hutazama jinsi neno linalofuata lilivyo rahisi kukisia, na anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu hutumia msamiati wa kawaida katika sentensi za kawaida. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda anayezungumza Dholuo nyumbani, Sheng njiani na Kiingereza darasani ndiye atakayeitwa mwizi. OpenAI wenyewe waliiondoa programu yao ya utambuzi Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwalimu atakayemnyima mwanafunzi alama kwa sababu kompyuta imesema asilimia fulani atakuwa ametenda dhuluma, hata kama nia yake ni kulinda uaminifu.

Isitoshe, simu haziruhusiwi shuleni tangu zamani, kwa hiyo marufuku yenu itakuwa inapiga vita jambo linalofanyika nyumbani, saa tatu usiku, kwenye simu ya mama. Na si kila mama ana simu ya kupangusa. Kazi ya nyumbani inayotolewa alama sasa inampima mwenye bando dhidi ya asiye na bando, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa wazazi wagombane juu yake. Dawa yake si ngumu. Uandishi unaotolewa alama ufanyike darasani, kwa kalamu. Mradi wa nyumbani uambatane na maswali ya ana kwa ana: mwite mwanafunzi, mwambie akufafanulie aya ya pili, akueleze kwa nini alichagua mfano ule. Aliyenakili atajulikana ndani ya dakika tatu, awe amenakili kwa mashine au kwa kaka yake aliye Chuo Kikuu cha Maseno.

Lakini hayo hayampi ushindi mzazi wa mchango. Mwambie akupigie hesabu. Usajili wa kawaida wa programu kama ChatGPT ni dola 20 kwa mwezi. Kwa walimu 30 hizo ni dola 600, kama shilingi 77,000 kila mwezi. Serikali imekadiria shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa kwa mwaka mzima, na wewe unajua jinsi hata hizo zinavyochelewa. Kwa hiyo pendekezo lake linakula, kila mwezi, zaidi ya mgao wa mwaka wa wanafunzi watatu, kabla mtu yeyote hajaonyesha kwamba mtoto mmoja amejifunza zaidi. Matoleo ya bure yapo. Mwalimu anaweza kuyatumia kutayarisha rasimu ya skimu ya kazi, kubuni maswali ya zoezi, au kurahisisha maelezo ya usanisinuru kwa darasa linalosuasua. Sharti ni moja: kila kinachotoka kisomwe na anayelijua somo. Mashine hizi hubuni vitu kwa uso mkavu. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mwalimu wa fasihi anayeomba nukuu za kitabu teule aikumbuke kesi hiyo kabla ya kuziandika ubaoni.

Yapo matumizi ambayo siyaonei shaka kubwa, na mengine yako karibu nanyi. Wakulima wa mihogo wamepata programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaielekeza simu kwenye jani, inakuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, na inafanya kazi bila intaneti. Maseno, hapo njiani mkielekea Busia, wapo watafiti walioshiriki mradi wa Kencorpus uliokusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, ili mashine za kesho zisije zikatuelewa kwa Kiingereza pekee. Jijini Nairobi, kliniki 15 za Penda Health zilijaribu msaidizi wa akili unde katika mahudhurio karibu 40,000 ya wagonjwa. Matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Utafiti huo ulifanywa na kliniki zenyewe pamoja na OpenAI, ambao wana maslahi, kwa hiyo usome ukilijua hilo. Ninachokitazama zaidi ni jinsi ulivyopangwa: afisa wa kliniki ndiye aliyeamua, na mashine ilikaa nyuma yake ikitoa tahadhari. Hali ya wagonjwa baadaye haikuonyesha tofauti ya kuthibitika. Mshangiliaji ataificha sentensi hiyo ya mwisho, na mbezaji hatataja nyingine yoyote.

Kuna jambo nataka tukae nalo zaidi kidogo, maana halihusu kompyuta ila linahusu pale mjadala wa namna hii unapofikia ukiachwa uoze. Mei 2023, hapo Kericho, kati ya Kisumu yako na Nakuru yangu, mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto na waandamanaji. Ukizisikiliza simulizi za mijini, wale walikuwa watu waliochukia maendeleo. Lakini suala hilo halikuanza siku hiyo. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai walikuwa wamegoma kwa sababu ya mashine hizohizo, na chama chao, ambacho makao yake yako hapa Nakuru, kimelipeleka suala hilo mahakamani na mezani mara nyingi. Wenye mashamba walikuwa na hoja: mishahara inapanda, bei ya chai mnadani haipandi nayo. Wachumaji walikuwa na hoja: mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na nyumba ya shambani huondoka pamoja na kazi. Hoja hizo hazipingani. Zote ni kweli. Swali lililokuwa likiwatenganisha ni moja tu, nalo ni la hesabu: faida inayotokana na mashine itagawanywaje, na aliyepoteza kazi atapewa nini, na nani? Swali la hesabu likikosa jibu kwa miaka, linageuka kuwa swali la "wewe ni wa upande gani", na likishafika hapo, kiberiti kiko karibu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani mtu wa kiasi anapoza mambo ili watu walale. Kiasi kina haraka yake. Kuna vijana wengi, Nakuru, Eldoret na kwingineko, waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, na kazi hiyo ikanywea baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Najua wengi watasema ilikuwa kazi ya udanganyifu na imekufa kifo chema. Sawa. Lakini ilikuwa ikilipa kodi ya nyumba, na walioipoteza wana digrii, wana intaneti na wana hasira. Mjadala wa kazi usiowataja watu hao kwa sababu hawapendezi si mjadala wa kiasi.

Tena yapo mambo ambayo ukichukua msimamo wa kati unakuwa umekosea tu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili kuisafisha mifumo ya OpenAI, walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kati ya malipo hayo na haki hakuna njia ya katikati ya kutafuta. Vivyo hivyo data za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mwalimu anayebandika majina, alama na matatizo ya nyumbani ya wanafunzi kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo ili imwandikie ripoti za muhula anaiweka shule yenu njia moja na hiyo. Hapo sema hapana, na usiongeze "lakini".

Na yale maangamizi ya wanadamu? Mimi siyacheki, maana wanaoyasema wanaifahamu kazi hiyo kuliko mimi, na hatari ndogo ya jambo lisilorekebishika ina uzito wake. Lakini hilo ni suala la serikali na mikataba, na Kenya ina pa kuanzia, kwa kuwa Machi 2025 ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa hadi 2030. Kamati yenu haina funguo za maabara za California. Mtu akilileta kikaoni, mkubalie ni suala zito, kisha urudi kwenye ajenda.

Kuhusu mchungaji wako, mwombe asome mstari unaofuata. Kanisa la Laodikia, katika Ufunuo sura ya 3, linakemewa kwa uvuguvugu, na mara moja barua inaeleza lilijionaje: tajiri, limejitosheleza, halihitaji kitu. Watu waliokwisha kujitosheleza kwa majibu yao ndio wa kujiuliza kuhusu mstari huo. Mwambie kwa heshima, na umwambie pembeni, usimwandikie kundini. Mtu aliyesahihishwa mbele ya wazazi wengi hatabadilisha mawazo yake hata Gabrieli akishuka. Ningekushauri pia kabla ya kikao uwaite yeye na yule mzazi wa mchango, kila mmoja peke yake, uwaulize swali hili: "Ni kitu gani ukikiona kitakufanya ubadilishe msimamo?" Mwenye jibu unaweza kufanya kazi naye. Asiye na jibu usimbishie, utachoka bure, ila mpe kazi. Mchungaji asimamie fomu za idhini za data, kwa kuwa anaaminika. Mzazi wa mchango alete bei, kwa maandishi, na majina ya programu anazozitaka.

Kikaoni usiulize "tuikubali AI au tuikatae?" Peleka maazimio ambayo mtu anaweza kuyapigia kura moja moja. Kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa neno la kitambuzi pekee. Kwamba hakuna jina wala alama ya mtoto itakayoingizwa kwenye programu yoyote ya nje. Kwamba insha za alama zitaandikwa darasani. Kwamba walimu wachache wanaojitolea, wa masomo tofauti, watatumia matoleo ya bure kutayarishia masomo kwa muhula mmoja, wakiandika daftarini muda waliotumia na makosa waliyoyakuta, na wenzao wa masomo hayohayo waandike vivyo hivyo bila mashine. Utashangaa ni mangapi yatapita kwa kauli moja, kwa sababu watu wanaogombana juu ya jambo zima mara nyingi hawagombani juu ya vipande vyake. Azimio moja au mawili yatakwama. Hayo sasa ndiyo mjadala wenu wa kweli, yapeni muda, na msiyapeleke WhatsApp.

Madaftari ya walimu yasomwe na mtu ambaye hakushiriki, wiki moja kabla ya shule kufungwa, na tarehe hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jina la atakayeyasoma.